Sahani Hairudi Tupu

Alfajiri, kabla hajaupaka unga kwenye sufuria, mamkubwa Mwamvua huchovya vidole vya mkono wa kulia kwenye bakuli la maji, kisha huvigusisha ukingoni mwa sufuria iliyokwisha kupata moto. Sufuria hulia chwii. Yeye huuvuta mkono, huutazama, husema, "Bado." Hapo ndipo kazi ya mkate wa ufuta inapoanza.

Nilikuwa nikidhani hiyo ni sehemu ya upishi, kama kupiga bismillahi. Hata nilipoacha skuli darasa la sita nikawa nakaa naye jikoni kutwa, sikuuliza. Mie huwa natazama tu. Kwa hivyo sikujua kuwa ile "bado" ni jibu, na kwamba swali lake lilianzia kwa mama yake.

Mama yake, Bi Mcha, ndiye aliyeuleta mkate huu katika ukoo wetu. Alitoka Jambiani na watoto wawili wa kike na gudulia moja, akahamia mjini kwenye majumba ya Michenzani, akapika mkate wa ufuta mpaka uzeeni. Mkate wenyewe hautaki mwiko. Unga wake ni mwepesi, umekandwa kwa tui la nazi mpaka unavutika kama mpira, na huna budi kuupaka kwa mkono mtupu uliorowa, ndani ya sufuria ya moto. Ukishashika chini, unaigeuza sufuria kifudifudi juu ya makaa ili uso wa juu nao upate rangi. Vidole ndivyo vinavyojua moto umefika wapi. Basi asubuhi moja Bi Mcha ameshageuza sufuria yake, amekaa na watu wanazungumza, akanusa hewani akasema, "Jamani, nini kinaungua?" Watu wakatazama huku na huku. Kilichokuwa kikiungua ni kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kimelala juu ya kaa, na yeye hana habari nacho.

Ilikuwa sukari. Ilikuwa imeshamla mishipa ya fahamu miaka mingi, kimyakimya. Baada ya kidole ukafuata unyayo, baada ya unyayo mguu, na baada ya mguu hakukaa sana.

"Hakupiga kelele," mamkubwa alinambia siku aliyonihadithia. "Mtu akiungua hupiga kelele. Yeye aliuliza, kama kwamba yanamhusu mtu mwengine."

Mamkubwa sasa ana miaka hamsini na mbili. Ndiye aliyenilea, maana mama yangu, mdogo wake, aliniacha mchanga. Ni mweupe wa meno, mwepesi wa kucheka, na mzito wa mwili. Tunakaa ghorofa ya tatu, na ngazi za Michenzani hazina huruma na mtu mzito. Akipanda na mfuko wa unga, husimama ghorofa ya kwanza akajifanya anapekua mkoba. Ghorofa ya pili husimama akaita, "Mzima humo ndani?" kwenye mlango ambao anajua wenyewe hawapo. Mie husimama naye, nikatazama ukutani, tukapumzika wote bila ya kusema kuwa tunapumzika.

Lile gudulia la Bi Mcha bado tunalo. Ndani yake mna mbegu. Wapishi wengine hununua hamira ya paketi, lakini mamkubwa hataki. Kila siku akimaliza kupika hubakisha donge la unga, akalitia guduliani, akalilisha maji na unga mpya kidogo, akalifunika kawa. Kesho donge hilo ndilo linaloumua unga mwengine. Hajawahi kuliacha likafa. Hata siku ya mazishi ya Bi Mcha, nimeambiwa, alitoka katikati ya wafiwa, akaingia jikoni, akailisha mbegu, akarudi kulia. Na mtu akitaka mbegu hupewa. Bi Kazija wa mlango wa jirani anayo, Bi Zuleikha wa mwisho wa ukumbi anayo. Wote watatu ni wanene na ukumbi wetu ni mwembamba. Wakikutana katikati, mmoja hurudi nyuma mpaka mlangoni kwake ili mwenziwe apite.

Kuna sharia moja katika ukumbi huo ambayo hakuna aliyeiandika. Jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani yake hairudi tupu. Utatia chochote, mkate, embe, hata chumvi. Ukiirudisha tupu, hata ikiwa umeiosha, ndio umemwambia mwenzio kuwa hujali.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyotuharibia mambo mwaka jana.

Mwezi baada ya Ramadhani, mamkubwa alikwenda kupima sukari. Ilikuwa imesimama kizingitini. Haijawa ugonjwa, lakini si ya mtu mzima wa afya. Akaambiwa kuna daktari mmoja anafanya utafiti, anatafuta watu kama yeye mia moja na ishirini, na atakayekubali atapimwa na kuangaliwa miezi mitatu. Akakubali papo hapo. Mie nilikuwa nimemshikia mkoba.

Daktari mwenyewe ni Yusra, mtoto wa mtaa wa Mwanakwerekwe aliyesoma nje akarudi. Mwembamba, mtandio umebanwa kwa pini moja, na hana haraka.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nipime. Lakini mizani yako ikivunjika mie simo."

Mizani haikuvunjika. Ilisoma kilo mia na nne. Daktari akampima na tumbo kwa utepe, kisha akakaa naye akamweleza, na mie kwenye kona yangu nikasikia maneno ambayo sijapata kuyasikia popote.

"Ukila mkate wako," alisema, "unageuka sukari, na sukari inaingia kwenye damu. Haiwezi kukaa humo. Inatakiwa ipelekwe kwenye nyama za mwili, nyumba kwa nyumba. Kuna anayeipeleka. Anaitwa insulini. Kazi yake ni kubisha mlango. 'Hodi.' Mlango unafunguliwa, sukari inaingia. Sasa wewe, mwili wako una mafuta mengi, na nyumba zimeziba masikio. Insulini anapiga hodi, hawamwitikii. Anapiga kwa nguvu zaidi, hawamwitikii. Sukari imebaki njiani."

"Na huyo anayepiga hodi hachoki?"

"Anachoka. Siku akichoka kabisa, ndio unaambiwa una kisukari."

Mamkubwa aliutazama mkono wake wa kulia.

Daktari akatoa kichupa cheupe. Alisema ndani mna vidonge vya kitu kinachoitwa resveratroli, ambacho kinapatikana kwenye maganda ya zabibu nyekundu. Wataalamu waliwapa panya wanene, na sukari za panya hao zikatulia. Walipochunguza wakakuta kilichobadilika sana ni vijidudu vya tumboni. "Bakteria," alisema. "Kila mtu anao kwenye utumbo. Wewe unao. Ukichukua watu wote wa dunia hii ukawazidisha mara elfu nne na ushee, hiyo ndiyo idadi ya walio tumboni mwako hivi sasa umekaa kwenye kiti."

Mamkubwa akajishika tumbo kwa mikono miwili, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Mie nami nikajishika, chini ya kanga, asinione mtu.

"Wanafanya nini humo?" aliuliza.

"Wengine wanakusaidia kula. Wengine wanakuharibia. Wale wataalamu walifanya jambo jengine la ajabu. Walichukua choo cha wale panya waliopona, wakawatilia tumboni panya wanene ambao hawajaonja dawa. Na hao pia sukari zao zikatulia."

"Kwa choo?"

"Kwa wale waliomo ndani ya choo."

Akamwambia pia kuwa kwa binadamu bado haijulikani. Waliokwisha kupimwa, wengine ilionekana kuwasaidia, wengine haikuwafanya kitu. Ndiyo sababu ya utafiti. Nusu ya vichupa vina dawa na nusu vina unga mtupu, na yeye mwenyewe daktari hajui kipi ni kipi mpaka mwisho. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. "Na vidonge hivi ni vyako peke yako, Bi Mwamvua. Usimpe mtu."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Mie shahidi.

Ilibidi pia apeleke choo chake kwenye kikopo, kikiwa ndani ya mkoba wenye barafu, asubuhi na mapema. Aliona haya kuliko siku ya harusi yake. Tulishuka ngazi yeye mbele, mkoba kaukumbatia, na chini kabisa tukamkuta Mzee Ubwa na birika lake la kahawa.

"Bi Mwamvua, leo mikate imetoka mapema."

"Hamna mikate humu."

"Mbona naona barafu? Mna nini?"

"Amana."

"Basi amana hiyo ukirudi nayo nionjeshe na mie."

Mamkubwa alimpita. Alikwenda mpaka nyuma ya jumba la pili, ambako Mzee Ubwa hamwoni, akaegemea ukuta akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mie nikamshikia ile amana.

Wiki ya kwanza alimeza vidonge vyake kwa saa. Wiki ya pili, siku ya Ijumaa, watu wa hitima walichukua mikate yote, haukubaki hata mmoja. Saa saba mchana Bi Kazija akaleta sambusa sita, sahani yake ya maua mekundu. Tukala. Mamkubwa akaiosha sahani, akasimama nayo katikati ya jiko. Alifungua kabati. Mlikuwa na unga, na chumvi tuliyokwisha kumrudishia mara mbili mwezi ule. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Sahani hii naionea haya," alisema.

Jicho lake likaangukia kichupa cheupe. Niliona lilivyoanguka, na niliona lilivyokaa. Alitoa vidonge viwili, akaviweka katikati ya sahani, akafunika kawa. Mie nikaipeleka. Ningeweza kusema neno. Sikusema.

Haikupita dakika, Bi Kazija yuko mlangoni.

"Mwamvua, hivi ni vya kutafuna au vya kumeza?"

"Vya kumeza. Ni vya zabibu. Vinaituliza sukari na kupunguza unene."

"Na ulikuwa unavila peke yako, kwenye ukumbi mmoja na mimi?"

"Nimekatazwa kutoa."

"Aliyekukataza hakai Michenzani."

Kesho yake Bi Zuleikha akaleta visheti. Yeye huleta visheti Idd mpaka Idd. Alikaa, akauliza hali, akauliza habari ya zabibu, na sahani yake ikarudi na vidonge viwili. Baada ya hapo sahani zilikuja kama mvua ya masika. Asubuhi mkate wa kumimina, mchana pilau, alasiri kachori, magharibi urojo. Chakula cha jirani hakirudishwi, ni matusi. Tukala. Na kila sahani ikarudi na alichobakisha mamkubwa kutoka kwenye fungu lake la siku. Siku nyengine alimeza kimoja, siku nyengine hakumeza kabisa.

"Kanga yangu," Bi Kazija alisema siku moja, amejishika kiuno ukumbini, "ilikuwa ikinizunguka kwa kuombwa. Sasa inakuja yenyewe."

"Mie tumbo linanguruma kama lori," alisema Bi Zuleikha. "Wale vijidudu wanahama."

"Wanahamia wapi?"

"Kwako. Si tunakula sinia moja."

"Lakini Mwamvua, kwani zabibu sokoni Darajani hakuna? Tungenunua tukala."

"Daktari alisema mpaka upate dawa ya kidonge kimoja ule vikapu na vikapu, na zabibu nazo zina sukari."

"Basi lete kidonge."

Mie nilikuwa nakitazama kichupa kikishuka, na nikimtazama mamkubwa ngazini. Sasa alikuwa akisimama na ghorofa ya pili na nusu, pale pasipokuwa na mlango wa kujifanya anaamkia.

Wiki ya sita tukarudi kwa daktari. Mizani ilisoma mia na nane. Sukari ilikuwa imepanda, si sana, lakini imepanda. Daktari akavimimina vidonge vilivyobaki akavihesabu, na vilikuwa sawasawa na vinavyotakiwa vibaki.

"Bi Mwamvua, hakuna mtu aliyenimezea dawa vizuri kama wewe," alisema. Akachukua kalamu.

Mamkubwa akaitazama ile kalamu inavyokwenda. "Unaandika nini, mwanangu?"

"Naandika kilichotokea. Amemeza vyote, na sukari imepanda."

"Na karatasi hiyo inakwenda wapi?"

"Itajumlishwa na za wenzio. Kisha tutaiandika habari yake, isomwe na watu wa kila nchi. Wao ndio wataamua kama dawa hii ina faida au haina."

Mamkubwa aliinuka. Akaaga, tukaondoka. Nyumbani Bi Kazija akaleta sahani ya boko boko, mamkubwa akaipokea, akaiweka mezani, hakuila. Hilo sijapata kuliona.

Alfajiri alichovya vidole, akagusa sufuria. Ikalia. Hakusema kitu. Akachovya tena, akagusa tena, akavibakisha vidole pale muda mrefu zaidi kuliko siku zote, mpaka nikamshika mkono nikauondoa. Ncha zilikuwa nyekundu.

"Bado," nilisema mimi.

Akakaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Nikisema kweli watanitoa," alisema. "Nikitolewa, nani ataniangalia? Nitakaa hapa nikigusa sufuria kila siku mpaka siku nisikie harufu." Akavipuliza vidole. "Na nisiposema, kuna mtu huko sijui nchi gani, kakaa na wanawe, anauliza nini kinaungua. Daktari wake atasoma kuwa dawa ya zabibu haifai kitu. Kisa sambusa sita za Kazija."

Mikate ya siku ile tulipika michache. Saa mbili alikwenda mlango kwa mlango, akavidai vidonge ambavyo havijamezwa. Bi Zuleikha alikuwa navyo viwili, kavifunga kwenye pindo la kanga. Bi Kazija hakuwa nacho hata kimoja, lakini alitoa kichwa mlangoni akasema, "Ukifika huko mwambie mie ndiye niliyeanza," kisha akakirudisha ndani.

Mamkubwa aliviviringa vidonge vyote kwenye karatasi. Kile kichupa kikabaki kitupu mkononi mwake. Alikiosha. Akakitazama kama alivyoitazama sahani ya maua mekundu, na nilijua analofikiri kabla hajafika kwenye gudulia. Chombo cha mtu hakirudi tupu. Alichota mbegu kwa kijiko, akakijaza kichupa nusu, akakaza kifuniko.

Jua lilikuwa kali, na tulikwenda kwa miguu polepole. Daktari Yusra alitutoa kwenye foleni akatuingiza ndani. Mamkubwa alikaa, akaweka karatasi mezani, akaweka na kichupa, akasema yote. Sambusa, sahani, visheti, urojo. Hakujitetea. Alipofika kwenye pindo la kanga la Bi Zuleikha, daktari akajifunika mdomo kwa mtandio, na mie sikujua kama analia au anacheka.

"Mama yangu," alisema baadaye, "angefanya hivyohivyo. Nilipaswa kulijua hilo. Nimesoma miaka kumi na moja, nikaja nikawaambia watu wa Unguja wasigawe." Kisha akawa daktari tena. "Lakini nitakutoa kwenye hesabu, Bi Mwamvua. Si adhabu. Hesabu yako haisomeki tena."

"Najua," mamkubwa alisema. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja juu. "Na huu?"

Daktari hakuelewa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mamkubwa alimhadithia mtu wa nje habari ya Bi Mcha na kidole chake. Aliposema "aliuliza, kama kwamba yanamhusu mtu mwengine", daktari aliinuka, akafungua mtoto wa meza, akatoa uzi mgumu kama wa mshipi wa kuvulia, umechomekwa kwenye kijiti.

"Mkono wako si wa utafiti," alisema. "Mkono wako ni wako. Kliniki ya sukari iko wazi kila Alkhamisi, uwe na kichupa usiwe nacho. Sasa fumba macho. Nikikugusa, useme naam."

Mamkubwa akafumba. Daktari akagusa ncha ya kidole gumba kwa ule uzi, kidogo tu, kama nzi anavyotua.

"Naam."

Cha shahada. "Naam." Cha kati. "Naam." Akaingia mkono wa kushoto, akaenda hivyo, na mie nahesabu. Kilipofika cha mwisho, uzi ukagusa, ukapinda, na mamkubwa kimya. Daktari akasubiri. Nikaona midomo ya mamkubwa inacheza.

"Bi Mwamvua? Hicho hukuhisi?"

"Nimekihisi tangu ulipokigusa," alisema, macho bado kayafumba. "Nilikuwa nashukuru kwanza."

Akamvua na viatu, akamgusa nyayo. Zote zilijibu. Daktari alikuwa ndio kwanza anarudisha uzi, pale mezani pakalia pwaa. Kifuniko cha kile kichupa kiliruka kikagonga dirisha. Daktari alirudi nyuma hatua mbili. Mbegu ilikuwa imepata joto la njia, imeumuka, inapanda shingoni mwa kichupa ikimwagika polepole juu ya karatasi zake.

"Hii nini?"

"Ni shukurani," alisema mamkubwa, anapangusa kwa ncha ya buibui. "Ni mbegu ya mkate. Haipendi kufungiwa. Ina uhai."

Daktari aliitazama ile mbegu, akamtazama mamkubwa. "Umesema ina nini?"

"Uhai. Hula, hupumua, hukasirika. Usipoilisha siku tatu inakufa. Miaka yote hiyo nailisha mimi, na kabla yangu mama."

Daktari alichukua tone kwa ncha ya kijiti, akalipaka kwenye kipande cha kioo, akatupeleka chumba cha pili. Kulikuwa na hadubini. Alikirekebisha kile kijicho chake, akasogea.

"Tazama."

Mamkubwa aliinama. Mwili ule mkubwa ulitulia tuli, na mie nilimtazama mgongo. Ulikaa hivyo muda mrefu, hata daktari akavuta kiti akakaa.

"Wanacheza," alisema mamkubwa. Sauti yake ilikuwa ya msikitini.

"Wale wa mviringo ni hamira. Wengine wana watoto wadogo ubavuni, umewaona? Na wale kama vijiti vidogo ni bakteria. Jamaa za hao wamo tumboni mwako. Wanataka kulishwa pia. Hawataki sukari, wao wanataka zile nyuzinyuzi usizoweza kuzisaga wewe, za kunde, mboga, maganda."

"Wote hawa wamo katika tone?"

"Tone moja."

"Na hawa ndio waliokuwamo guduliani siku zile mama yuko hai?"

Daktari alifikiri. Naona hakutaka kumdanganya. "Hawa ni vizazi vyao. Walizaana, wakafa, wakazaana. Lakini uzazi haujakatika."

Mamkubwa aliinua uso, una alama ya duara jichoni. Akanivuta mkono bila ya kunitazama akaniinamisha mimi. Na mie nikaona. Mwanga mweupe kama wa mbalamwezi, na ndani yake vitu vya mviringo visivyo idadi, vinatetemeka, vinasukumana, na baina yao vijiti vinavyopita mbio kama wana shughuli. Hakuna aliyejua kuwa anatazamwa. Nikafikiri kuwa nimekula mkate huu kila siku ya maisha yangu.

"Bi Mcha kafa mwaka wa kumi na tisa huu," alisema mamkubwa nyuma yangu, taratibu, "na hawa aliokuwa akiwalisha hawana habari. Wanaendelea tu. Subhana Llah."

Alkhamisi iliyofuata walikwenda kliniki wote watatu, wakalijaza benchi zima, na watu wakakaa chini. Bi Kazija naye sukari yake ilikutwa kizingitini. Sharia ya ukumbi haikufutwa, maana hakuna mwenye uwezo wa kuifuta, ila sasa sahani zinakuja na kunde, na mchicha, na njugu mawe za kuchemsha. "Watu wako leo wanakula nini?" Bi Kazija hugonga ukutani akauliza. "Waletee kunde," mamkubwa hujibu, "jana walilalamika." Mpaka leo hatujui kama kichupa chetu kilikuwa na dawa au unga mtupu. Bi Kazija anasema hataki kujua, kanga yake inamtosha.

Sukari ya mamkubwa imeshuka kidogo. Ngazini bado anasimama ghorofa ya kwanza na ya pili, lakini ile ya pili na nusu ameiacha.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka kwa Daktari Yusra, kaleta kile kichupa cheupe. Mamkubwa alikifungua. Ndani mlikuwa na karatasi imeviringwa, picha ya lile tone, wale wa mviringo na wale vijiti, wamekamatwa wakiwa mbioni. Tumeibandika ukutani juu ya jiko. Wageni hudhani ni nakshi ya kitambaa, na Bi Zuleikha ameshauliza kanga hiyo inauzwa wapi.

Leo alfajiri alichovya vidole, akaviweka ukingoni mwa sufuria, ikalia chwii. Akaitazama ile picha. "Bado," akaiambia, akaingiza mkono kwenye unga.